Mashua Mbili za Karatasi Moja

Kraa. Kimya. Kisha tena, polepole: kraa.

Ngalula alifungua macho gizani akasikiliza. Kwanza alidhani ni panya ameingia kwenye kapu la mahindi, lakini panya ana haraka, na sauti hii haikuwa na haraka. Ilikuwa karatasi inayochanwa na mtu asiyetaka kusikika. Mvua ya usiku ilikuwa imekatika. Matone ya mwisho yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye mabati na kuingia katika beseni alilolitega ukutani.

Usingizi wenyewe haukuwa usingizi. Jana jioni jirani yake Zébédée, mstaafu wa reli, alikuwa amepita kumwambia kwamba treni ya kutoka Kasai iko Kaniama. Kaniama ni mwendo wa usiku mmoja tu. Treni ikitoka huko itafika hapa Kamina, itapumzika kadiri itakavyopenda yenyewe, kisha itashuka Lubumbashi na mjukuu wake mmoja ndani. Mmoja kati ya wawili. Yupi, hakuna aliyejua, kwa sababu aliyepaswa kusema ni yeye Ngalula, naye alikuwa hajasema.

Alijifunga kitenge, akasogeza pazia. Mapacha walikuwa wameketi juu ya mkeka, taa ndogo ya sola katikati yao. Mbuyi, msichana, ndiye aliyetangulia kuzaliwa, na mdomo wake haujapumzika tangu siku ile. Kabanga, mvulana, alifuata baadaye kwa wakati wake mwenyewe, na hadi leo akishika jambo halimtoki mkononi.

"Munafanya nini, na kungali giza?" aliuliza.

"Mashuwa, Kambo," alisema Mbuyi. Kambo ndiye bibi, kwa maneno ya Kamina.

Ngalula alichuchumaa, akanyoosha mkono kuchukua karatasi kama alivyozoea. Kabanga akaifunika kwa kiganja.

"Leo weye hapana, Kambo. Leo tutakunja sisi benyewe."

Hakusema kwa ujeuri. Alisema kama mtu anayemwambia mgeni kwamba kiti kile kina mwenyewe. Mbuyi akaomba kipande cha mshumaa tu. Ngalula alikitoa kwenye kopo la chumvi alikokificha, akawapa, akabaki amesimama hana la kufanya. Ndipo akaona jambo lililomchoma zaidi: kila mtoto alikuwa amechana karatasi kwenye daftari lake mwenyewe la mwaka uliopita. Karatasi mbili, za madaftari mawili.

Yeye hakufanya hivyo hata siku moja. Mvua ilipojaza mfereji wa saruji unaopita mbele ya lupango lao, yaani ua wao, Ngalula alichukua karatasi moja, akaikunja katikati, akaichana, nusu kwa huyu na nusu kwa huyu. Alipaka mshumaa chini ya mashua zote mbili kwa kipande kilekile ili maji yasizilowanishe. Alizishusha majini kwa pamoja, kisha akateremka kandokando ya mfereji akiwa na ungo mkononi mpaka kwenye kidaraja cha mwisho, na hapo akazizoa zote mara moja, hata kama moja ilikuwa bado nyuma. "Zimefika pamoja," alisema. Watoto wa avenyu walicheka, wakasema mashindano ya Kambo Ngalula hayana mshindi, ni kama mpira usio na goli. Yeye hakujali. Pacha si mtu wa kuchezewa. Ukimpa Mbuyi ndizi, mpe Kabanga ndizi. Ukimchapa mmoja, mguse na mwenzake. Ukimkuta mmoja njiani, uliza mwingine yuko wapi kabla hujauliza habari za nyumbani. Pacha aliyepunjwa hukasirika, na hasira ya pacha humrudisha kule alikotoka. Mama yake alimwambia hivyo, na mama wa mama yake kabla yake.

Na bado ni yeye huyuhuyu aliyesema: niachieni mmoja.

Neno hilo lilimtoka wakati wa Noeli. Binti yake Lucienne na mumewe Basile walikuwa wamekwenda Lubumbashi miaka miwili iliyopita kutafuta kazi, wakamwachia watoto mpaka watakapopata nyumba. Sasa walikuwa wamepata, vyumba viwili na bomba uani, na Lucienne akapiga simu akicheka kwa furaha kwamba baba yao anakuja kuwachukua. Ngalula alikuwa anachambua majani ya sombe, simu ameibana begani, na kabla hajalipima neno likapita kinywani: "Muniachie moja." Kicheko kikakatika. Halafu Lucienne akasema, kwa sauti ndogo, kwamba atamwambia baba yao.

Baba yao alikubali. Angekataaje? Basile ni mkwe. Mkwe hamtazami mama mkwe usoni, hali naye sahani moja, halali chini ya paa lake. Na mama mkwe akiomba kitu, mkwe hahoji. Ombi la mama mkwe ni amri iliyovaa nguo ya sikukuu. Ngalula alilijua hilo tangu alipokuwa msichana, na usiku mwingine alijiuliza kama si kwa sababu hiyo aliomba.

Kulipopambazuka hakukaa, hakusimama. Alikuwa kama kuku anayetafuta pa kutagia. Aliwasha makaa kwenye mbabula, jiko lake la bati, akaweka uji, akaenda kutazama begi lililokuwa chini ya kitanda. Begi moja. Ndani yake alikuwa ametia gauni la Mbuyi, akalitoa. Akatia suruali ya Kabanga, akaitoa. Sasa lilikuwa na taulo tu, maana taulo halina jina. Aliposikia harufu alirudi mbio, uji umeshika chini. Watoto waliunywa hivyohivyo, hawakusema kitu, na kwa Mbuyi kutosema kitu ilikuwa ni habari.

Alitoka barabarani, akasikiliza upande wa stesheni. Hakuna. Akarudi, akafagia ua uliokuwa bado na maji, akaacha, akatoka tena.

Huko nje alimkuta Abedi, mwenye duka la kona, suruali ameikunja hadi magotini, anatoa takataka kwenye mfereji uliokuwa bado na maji. Abedi ni wa watu wa Maniema, mfanyabiashara mtoto wa mfanyabiashara, hapendi kuonekana amefanya jambo bure. Alisema anazibua ili maji yasiingie dukani kwake. Lakini duka lake liko juu, na Ngalula aliona kwamba mwenzake huyu alikuwa amezibua kutoka kwenye bomba la umma kule juu mpaka kwenye kidaraja, njia nzima ambamo mashua za watoto hupita. Hakumwambia kwamba ameona. Alimshukuru kana kwamba ni kwa ajili ya mvua tu, naye Abedi akapokea shukrani za mvua. Ngalula alitoka huko na karatasi nene ya pakiti ya sukari, ambayo Fadhila, binti wa Abedi, alimkunjia vizuri kwa ajili ya mapacha.

Fadhila alikuwa mkubwa kidogo kuliko mapacha, mwembamba, mwenye macho ya mtu anayejua habari zote za avenyu na asiyezitoa ovyo. Siku za mashua yeye ndiye mwamuzi. Asubuhi ile alimpa Ngalula karatasi, akatazama chini, akaondoka kabla ya kuulizwa chochote.

Zébédée alikuja na baiskeli, miguu inaburuza tope. Treni imetoka Kaniama usiku, alisema, ameambiwa kwa simu na mtu anayejua. Watu walipenda kumtania Zébédée kwamba treni zake hutoka kila siku na hazifiki hata moja, lakini leo hakuna aliyemtania. Nyuma yake, mbali kiasi cha adabu, alisimama Basile.

Tangu mapacha wazaliwe hakuna aliyemwita Basile kwa jina lake. Alikuwa Shambuyi, baba wa Mbuyi, jina ambalo watu wa kwao huwapa baba wote wa mapacha. Alikuwa amefikia kwa Zébédée tangu wiki iliyopita, akisubiri treni. Kila asubuhi Ngalula alikuta kuni zimepasuliwa na kupangwa nje ya ua wake, na hajamwona aliyezipasua. Sasa alisimama ameuelekeza uso wake kwenye ukuta wa jirani, akapiga makofi taratibu mara chache, akainama.

"Moyo wenu, Mamu," alisema kwa ukuta, kwa salamu ya watu wa Kasai.

Ngalula alijifunika bega kwa kitenge, akaitikia akitazama mfereji. Kisha Basile akazungumza na Zébédée, na Zébédée akazungumza na Ngalula, ingawa wote watatu wangeweza kugusana mikono. Shambuyi anasema treni ikifika haingoji mtu. Shambuyi anasema mtoto yeyote Mamu atakayempa, atamchukua, na atashukuru. Shambuyi anaomba tu mtoto huyo avishwe viatu, amevileta.

Zébédée akanyoosha mfuko. Ngalula aliufungua. Mlikuwa na jozi mbili za viatu, rangi moja, mtindo mmoja, moja ndogo kidogo kuliko nyingine.

Mkwe wake alijua kwamba anayesafiri ni mmoja, na bado alikwenda sokoni Lubumbashi akanunua jozi mbili, kwa sababu kwa pacha hainunuliwi moja. Hakusema neno juu ya hilo wala hakumtuma Zébédée aliseme. Ngalula aliufunga mfuko, akasema watoto wangali wanacheza, atajibu baada ya kitambo. Hilo ndilo jibu alilolitoa kila siku, na Basile akaliinamia kama kwamba ni jipya.

Mvua ndogo ikaja tena, ya jua, ikapita haraka, na mfereji ukajaa maji ya rangi ya chai ya maziwa. Ndipo watoto wa avenyu walipotoka kila upande, maana mfereji ukijaa hauhitaji kengele. Mbuyi na Kabanga walitoka na mashua zao zimefichwa ndani ya mashati. Ngalula akachukua ungo wake.

"Acha ungo, Kambo," alisema Mbuyi bila kumtazama. "Leo haina kazi."

Akabaki ameushika. Watoto walipanda kwenda kwenye bomba la umma, ambako huanzia mashindano. Alizoea kuona mapacha wakipanda njia ile wakisukumana, wakitukanana kwa mapenzi, mashua yako ni sandarusi, mashua yako ni beseni la mama wa kupika bukari. Leo walipanda mmoja kushoto na mmoja kulia, nyuso ngumu kama za watu wanaokwenda kutoa ushahidi. Hata watoto wengine waliona, wakapunguza kelele.

Ngalula alimkuta Fadhila katikati ya njia, amesimama juu ya jiwe lake la mwamuzi.

"Fadhila, mwanangu," alisema, "bapacha bana nini leo?"

Fadhila aliupindua mkono wa gauni lake, akaukunjua. Alimwambia kwamba amekatazwa kusema.

"Na nani?"

"Na bote babili."

Ngalula hakumkaripia. Alikaa chini kando ya mfereji, jambo ambalo mtu mzima hafanyi kwenye tope, na akangoja. Kwa kungoja Ngalula hajapata kushindwa na mtoto. Baada ya kitambo Fadhila akashuka kwenye jiwe, akaja karibu na sikio lake.

"Banashindania treni," alisema. "Mashuwa yenye kufika ya kwanza, mwenyewe njo atapanda na baba yabo. Yenye kufika nyuma, mwenyewe anabakia na weye. Banasema weye Kambo utakufa na mawazo kama banakungojea uchagule."

Kule juu mtu alihesabu kwa sauti, na mashua zikaingia majini.

Ngalula alisimama. Aliziona zinakuja: ya Mbuyi nyembamba, imekunjwa kwa haraka, pua yake imepinda upande mmoja, ya Kabanga pana, nzito kwa mshumaa, inakwenda kama mzee anayetoka kanisani. Maji yalizivuta kupita mbele ya duka la Abedi. Ya Mbuyi ilizunguka, ikatazama nyuma, ikazunguka tena, ikatangulia. Watoto wa avenyu waliusahau ukimya wao, wakaanza kukimbia pembeni wakipiga makofi na kutaja majina. Ya Kabanga ikagonga gunzi la hindi, ikalala ubavu, ikang'ang'ania pale. Kanuni inasema hakuna kugusa. Kabanga alisimama juu yake, mikono nyuma ya mgongo, hakuigusa. Maji yaliinuka kidogo, gunzi likajigeuza, mashua ikachomoka.

Lakini Ngalula hakuwa tena anatazama mashua. Alikuwa anatazama watoto. Mbuyi alikuwa anakimbia mbele na uso wake umegeukia nyuma. Kabanga alikuwa anatembea na macho yake yako mbele. Mashua zilikuwa zinakwenda zenyewe. Wao walikuwa wanatazamana. Na Mbuyi, aliyekuwa anashinda, alikuwa analia bila sauti, mdomo wazi, kama mtu aliyebeba kitu kinachomchoma na haruhusiwi kukitua.

Hapo Ngalula akakumbuka kitu ambacho hakukiita. Alikumbuka stesheni hiihii ya Kamina, mwaka ule wao, watu wa Kasai, walipofukuzwa Likasi, wakajaa kwenye majukwaa pamoja na vyungu na magodoro yao. Lucienne alikuwa mgongoni mwake, ana homa. Dada yake Bitota alipata nafasi ndani ya behewa, na wao wakabaki chini. Wiki moja tu, Bitota alisema dirishani, wiki moja tutaonana Mwene-Ditu. Homa ya mtoto ikawa ndefu, treni zikawa chache, mtu mwema wa Kamina akawapa chumba, na chumba kikawa maisha. Dada yake alikuja kumwona tena mara moja tu, na mara hiyo palikuwa msibani. Hakuna aliyetenda kosa siku ile stesheni. Ni nafasi tu ilikuwa moja.

Leo nafasi zilikuwa mbili, na moja ameizuia yeye.

Mashua ya Mbuyi ilikuwa imekaribia kidaraja. Ngalula alitupa ungo, akapandisha kitenge, akaingia ndani ya mfereji.

Maji yalimfika kwenye muundi, ya baridi kuliko alivyofikiri. Alisimama na miguu yake imeshikana, akawa ukuta. Mashua ya Mbuyi ikaja, ikamgonga mguu, ikasimama. Baadaye, kwa wakati wake, ya Kabanga ikaja, ikalala kando ya mwenzake. Alizitoa majini zote mbili. Abedi alitoka dukani na kipimo cha unga mkononi, akasimama mlangoni, unga ukimwagika kidogokidogo miguuni pake.

Kabanga alifika akihema. Alikasirika kama Ngalula hajapata kumwona.

"Kambo, weye ulikataa kuchagula," alisema. "Sasa na mashuwa nayo unaikataza?"

"Mashuwa haina kosa," alisema Ngalula. "Miye njo nilikosa. Niliomba nusu. Bapacha habana nusu."

Walimtazama wote wawili. Mbuyi alikuwa bado anasinasina, na katikati ya kwikwi aliuliza, kwa sababu yeye ni Mbuyi na hawezi kuliacha jambo bila kulimaliza, kwamba sasa nani atabaki naye. Ngalula hakumjibu, maana jibu halikuwa la Mbuyi kwanza. Alitoka mferejini, maji yanachuruzika, akapita kati ya watoto, akavuka barabara hadi pale Basile alipokuwa amesimama ameelekeza uso ukutani. Zébédée akajisogeza kupokea ujumbe. Ngalula akampita. Akasimama mbele ya mkwe wake, karibu, akamwambia yeye mwenyewe, usoni.

"Shambuyi. Uende nabo bote babili."

Basile hakujua aweke wapi macho yake. Aliyashusha kwenye miguu ya mama mkwe wake, iliyojaa tope, akayaacha hapo. Alivua kofia. Alipiga makofi taratibu, mara nyingi kuliko desturi inavyodai, na alipoacha ikabidi avae kofia tena ili mikono ipate kazi ya kufanya.

Na kana kwamba iliambiwa, treni ikapiga honi upande wa Kaniama. Zébédée akageuka, akawatazama watu wote mmoja mmoja, ili kila aliyewahi kumcheka aione sura yake.

Kilichofuata kilikuwa vurugu. Begi moja likawa halitoshi, Ngalula akafunga nguo za mtoto wa pili ndani ya kitenge. Magauni, suruali, madaftari, samaki wakavu wa Kinkondja kwa ajili ya Lucienne, viatu vipya kwenye miguu ambayo haijakauka. Kabanga alipotea, akapatikana anaaga bata wa jirani. Abedi alileta mikate, akasema ni ya jana haiuziki. Ilikuwa na joto bado. Zébédée akafunga mizigo kwenye baiskeli kwa mpira, Fadhila akabeba beseni la mahindi ya kuchemsha kichwani, na wote wakateremka kwenda stesheni nusu kukimbia, Ngalula akiwahimiza na miguu yake ikimwambia asiwahimize.

Walipofika waliambiwa injini inahitaji kutazamwa. Treni haikuondoka. Haikuondoka asubuhi, haikuondoka mchana. Waliketi juu ya mizigo, kati ya wanawake wanaouza karanga na wanaume wanaolala na viatu chini ya vichwa, na kila injini ilipokohoa watu wote walisimama, kisha wakaketi tena. Ngalula alisimama hata pale ambapo haikukohoa. Alihesabu mizigo, akaifunga upya, akaifungua kuhakikisha taulo limo. Alitamani treni iondoke, kwa kuwa kungoja kulikuwa kunamla. Na aliogopa ikiondoka. Mawazo hayo mawili yalimkaa pande zote mbili za moyo, wala hakuna lililomwachia mwenzake nafasi.

Mapacha ndio waliopona kwanza. Walikuwa wamepata ugomvi wao.

"Yangu ilikuwa mbele," alisema Mbuyi.

"Kwa sababu ya gunzi," alisema Kabanga. "Bila gunzi, yako ingeona mugongo ya yangu."

"Yako ilikuwa nguruwe. Ilijaa mushumaa."

"Yako ilikuwa inaangalia nyuma kama mwizi."

Wakaendelea hivyo, wakisukumana, na Ngalula alisikiliza kila neno. Alitoa ile karatasi nene ya pakiti ya sukari, akaikunja katikati, akaichana polepole kwa kucha, akakunja mashua mbili, akampa kila mmoja yake. Hawakumkataza. Aliwaambia kwamba Lubumbashi pia kuna mifereji, na mvua ni ileile. Waombe mama yao mshumaa. Mbuyi aliuliza nani atasimama na ungo. Ngalula alisema wakifika huko hawahitaji ungo. Washindane, mmoja ashinde, na kesho ashinde mwenzake. Kabanga alifikiri, akasema hilo linawezekana.

Jua lilipokuwa limeanza kulegea, behewa likashtuka na watu wakapiga ukelele. Hapakuwa na nafasi ya maneno. Zébédée alipitisha mizigo dirishani, Basile akaipokea. Watoto walipandishwa kwa kuvutwa mikono. Ngalula alimwona mkwe wake anawatafutia kiti cha dirishani, anamwomba mtu asogee, anawaketisha wote wawili pale na yeye mwenyewe anabaki amesimama kwenye msongamano, mkono wake juu ya migongo yao. Safari ni ndefu, na alijua atasimama hivyo sehemu kubwa ya njia. Alilitunza hilo moyoni. Mbuyi alikuwa anasema kitu, mdomo wake unaenda mbio kama kawaida, lakini magurudumu yalikula maneno yote. Kabanga hakusema. Alishika mashua yake juu, ionekane, mpaka ilipokuwa doa, na baadaye haikuwa hata doa.

Zébédée alibaki na wenzake wa zamani wa reli kuzungumzia injini. Ngalula alirudi nyumbani pamoja na Fadhila, aliyekuwa amebeba beseni tupu. Fadhila alimpunguzia mwendo bila kuonekana kwamba anampunguzia. Mara alisimama kufunga kiatu, mara kutazama mbuzi.

Katika lupango kila kitu kilikuwa pale walipokiacha. Mkeka ulikuwa umejaa vipande vya karatasi. Sufuria ya uji ulioungua ilikuwa imelowekwa. Ngalula aliingia, akatoka, akaingia tena, hakujua anatafuta nini. Aliona kile kipande cha mshumaa chini ya kiti, kimebaki kidogo, kina alama za meno ya Kabanga, ambaye tangu utoto hupenda kuuma kila kitu. Alikirudisha ndani ya kopo la chumvi.

Fadhila aliweka beseni mahali pake. Alisema baba yake atakuwa anamngoja dukani, akaaga kwa adabu, akafika kwenye kizingiti cha ua. Mawingu yalikuwa yanakusanyika tena upande wa magharibi, mazito, ya mvua ya usiku.

"Fadhila," Ngalula alimwita.

Mtoto aligeuka.

"Kesho mufereji utajaa." Aliutazama mkeka wenye vipande vya karatasi. "Ukuye tena huku kwangu, mwanangu. Ukuye unione."